Kichwa Kidogo Chini ya Leso

Nywele ya kwanza ilipatikana kwa kuku.

Mimi nauza kuku soko ya Othaya. Nanunua za kienyeji kutoka kwa akina mama wa huko juu kwa majani chai, tunachinja, natia kwa maji moto, nanyonyoa, na watu wa hoteli wanakuja kuchukua asubuhi. Sasa siku hiyo mpishi mmoja, mwanaume mnene mwenye tumbo lake huanza kucheka kabla ya mdomo, akarudi na kuku yake ikiwa kwa karatasi. Akaiweka kwa meza yangu, akashika bawa, akavuta kitu refu nyeusi. Ikatoka polepole, kama uzi kwa sweta.

"Mama, hii kuku ilikuwa na wigi?"

Soko yote ikacheka. Mimi nikacheka kushinda wote, kwa sababu ukicheka wa kwanza hakuna mtu anakuangalia vizuri. Nikamwambia hiyo ni kuku ya Nyeri mjini, ilikuwa imetoka saluni. Nikampatia ingine, akaenda akitingika mabega.

Nikabaki na ile nywele kwa kidole. Ilikuwa yangu, hakuna mwingine hapo ana nywele ya kufika mabega. Na haikuwa imekatika. Ilikuwa na ile kitu nyeupe ndogo huko mwisho, mzizi wake. Ilitoka yenyewe, ikaamua.

Mtoto alikuwa na miezi tatu na wiki moja.

Kesho yake nikachana, kichana ikajaa. Nikasema ni kichana. Nikanunua ingine ya meno kubwa, nayo ikajaa. Nikioga, inazunguka miguu kama majani ya mtoni. Nikiamka, mto imevaa nywele kunishinda. Wiki ya pili nikaweka kidole hapa juu ya sikio, mahali nilikuwa nimezoea nywele, nikapata ngozi. Laini kabisa. Nikaguza upande ingine, nayo ni hivyo hivyo. Nikaenda kwa kioo ya mlango ya kabati, nikajiona na paji ya uso ya mwanasiasa.

Nataka mjue hiyo nywele ilikuwa nini. Shule niliacha kidato cha pili, katikati. Urembo, wacha tu, niko na pua ya baba yangu na baba yangu yuko na pua ya watu watatu. Lakini nywele nilikuwa nayo. Hata soko hawakuwa wananiita kwa jina, walikuwa wanasema "yule wa nywele." Na ndiyo ilileta baba ya mtoto. Yeye ni fundi wa pampu za maji, anafanya kazi upande wa Nanyuki, na siku moja alikuwa ametumwa Othaya kutengeneza pampu ya kiwanda ya kahawa. Akakuja kununua kuku. Nikimpimia, akanyoosha mkono na akatoa kitu kwa kichwa yangu.

"Uko na manyoya," akasema. Akaishikilia, ilikuwa ya jogoo, nyekundu. Halafu hakuangalia manyoya tena, aliangalia mahali imetoka. "Nywele kama hii hutoka wapi?"

"Kwa kichwa," nikamwambia.

Hiyo ndiyo ilikuwa mapenzi yetu yote, sina ingine ya kuwaambia. Alirudi kununua kuku kila wiki mpaka nikajua hakuna mtu hupenda kuku hivyo.

Sasa unaona shida yangu. Ngurario yetu, ile harusi ya kienyeji ya Wakikuyu, ilikuwa imebakisha wiki tano. Tulikuwa tumekaa pamoja, mtoto amekuja, na wazee wakasema imetosha, mambo ikamilishwe kwa njia ya nyumbani. Na kwa ngurario yetu kuna ile mchezo ya kuchagua bibi. Wasichana wa boma wanafunikwa leso kutoka kichwa mpaka magoti, wanapangwa mstari, na bwana anakuja mbele ya watu wote kutafuta wake. Akikosea analipishwa faini. Akipata, anamfunua. Anashika leso hapa juu ya kichwa, anaivuta, na kila mtu anaona bibi yake.

Kila mtu anaona. Hayo maneno yalikuwa yananiamsha. Mbele ya ukoo wake kutoka Sagana, mbele ya wetu, simu zikiwa zimeinuliwa juu, baba ya mtoto avute leso apate hii kichwa. Na yeye mwenyewe alikuwa hajaiona.

Mtauliza vile mtu anaficha bwana yake kichwa. Ni rahisi, ishi Othaya. Othaya ni mahali mzuri sana ya kupoteza nywele kwa sababu hakuna mtu hajavaa boshori, ile kofia ya kufuma ya kushuka mpaka masikio. Yeye alikuwa anakuja Jumamosi na kurudi Nanyuki Jumapili. Siku hizo mbili nilikuwa nalala na boshori, napika na boshori, naenda kanisa na kitambaa juu ya boshori.

"Hata kitandani?" akaniuliza.

"Baridi inaingilia kichwa mtu akizaa. Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Sasa umeambiwa."

Akakubali, ni mtu wa pampu, anaamini kila kitu iko na sababu yake. Ile nywele ilikuwa inaanguka nilikuwa naweka kwa mkebe ya maziwa, kwa sababu tulifundishwa tukiwa wadogo ati ndege akijengea nyumba na nywele yako utaumwa na kichwa maisha yote. Mkebe ikajaa. Nikatafuta ya pili.

Aliyeona kwanza ni tata yangu, dada ya baba. Yeye ndiye alikuwa anapanga siku hiyo yote, kutoka sufuria ya maharagwe ya njahi mpaka nani atasimama wapi kuimba. Alikuja kunijaribisha shanga za kichwa, na kabla nipate uongo, akavuta boshori.

Tata yangu huongea hata akimeza chakula. Hapo alinyamaza.

"Hii ni nini?"

"Ni mtoto, tata."

"Mtoto amekunyoa?"

"Wanasema inatokea."

Akanigeuza kichwa upande huu na huu, vile mimi hugeuza kuku ya kununua. Halafu akakaa kwa kitanda na akasema kwa sauti ya chini, "Watu wa Sagana wakiona hii watasema tumewapatia mgonjwa. Na hawatasema hapa, watakula vizuri, washukuru, waseme wakifika kwao. Utaenda kuishi kwa hiyo jina."

Nilicheka. Nikamwambia basi wapewe punguzo. Hakucheka, na mimi nikaacha kucheka. Kwa sababu hiyo ilikuwa imenipitia pia. Ati labda kweli niko mgonjwa. Labda ni damu, labda ni kitu ingine ile mbaya, na nywele ndiyo barua ya kwanza.

Kliniki ya chanjo ya mtoto ilikuwa wiki hiyo. Nikabeba mkebe. Nesi alikuwa msichana mdogo, ananishinda na udogo, akafungua akarudi nyuma kidogo. Nikamwambia asiogope, haijafa. Akanielezea. Ukiwa na mimba nywele haianguki, inangojana. Ukizaa, zile zote zilikuwa zinangoja zinaondoka pamoja. Ni homoni.

Mimi biolojia yangu iliishia kwa panzi. Homoni ilikuwa ya kidato cha tatu.

"Itarudi?"

"Inarudi. Wengi inarudi kabla mtoto afikishe mwaka."

"Na hao wengine?"

Akasema isiporudi nirudi nionwe. Akanitoa damu, akapata iko chini kidogo, akanipatia tembe za kuongeza damu. Alisema maneno mengi mazuri yule msichana. Mimi nikatoka na moja tu, "wengi." Nikatembea nayo mpaka soko. Wengi si wote. Na mwaka si wiki tano.

Nikajaribu vile watu wanasema. Nikapaka maji ya kitunguu, siku nne, nikanuka kachumbari mpaka mtoto akishika titi ananiangalia juu kwanza, kama mtu ameletewa chakula hakuagiza. Nikaenda saluni Nyeri, nikauliza msusi kama anaweza kunisuka mistari ya kufunika hapa mbele. Akainua zile chache na kidole mbili.

"Dada, nishikilie nini hapa?"

Akaniambia nikimlazimisha aivute, hata hizo zimebaki zitatoka. Ndiyo akanionyesha wigi. Ilikuwa nzuri, nyeusi, imejaa, inakaa vile yangu ilikuwa inakaa. Nikaivaa nikajiona kwa kioo na nikasikia kulia, vile unaona mtu wa kwenu stendi na unajua anapanda gari ingine. Nyumbani nikaiweka juu ya sufuria ndiyo isiharibike umbo. Jogoo aliingia jikoni, akaiona, akapanua mabawa wakapigana. Ilibidi nitetee wigi.

Halafu mama mkwe akaja kukaa wiki moja.

Hapa mjue kitu. Msichana wa kwanza kwetu anapewa jina ya mama ya bwana, na si jina tu, ni yeye. Kwa hivyo mama mkwe wangu na mtoto wangu ni mtu mmoja. Akisema "nimelala vibaya," anamaanisha mtoto. Akisema "nimekojoa," unaangalia mtoto kwanza, halafu unahakikisha. Alikuwa anakaa kando ya moto na sweta mbili, kwa sababu Sagana ni joto na Othaya ilikuwa inamtesa, anajishika mkononi, anajiangalia, anajiambia, "Mimi ni mrembo." Mtoto alikuwa na kichwa mviringo imejaa nywele, tele.

Wiki yote nilizunguka na boshori. Hata kando ya moto, jasho ikishuka kwa shingo. Siku ya kuondoka ndiyo alisema tu, akifunga kiondo yake, "Kwetu Sagana hakuna mtu anavaa hiyo kitu." Nikasema kwenu ni joto. Akaniangalia kidogo, akasema, "Ni joto, ndiyo." Niliikalia hiyo sentensi siku kumi, nikiigeuza. Ameona? Hajaona? Ameona na ameenda kuambia wengine?

Siku ikafika. Boma ya baba yangu ikajaa mapema. Wageni wa Sagana wakazuiwa kwa geti, wakaimbiwa, wakajibu, wakazuiwa tena, mpaka wakaingia. Mimi nilikuwa chumba ya nyuma na wasichana wengine watano, nikiwa na wigi yangu na pini kumi na mbili, nilizihesabu nikizitia. Kasini yangu, yule binamu tunalingana urefu, alikuwa amesukwa nywele kubwa, za kuongeza, zimekunjwa juu kama kiota. Tata akatupanga, akatufunga leso, akatuangalia kama mtu anafunga magunia.

"Wewe usicheke," akaambia kasini. "Ukicheka atajua si bibi yake. Bibi yake leo hawezi kucheka."

Halafu akajaribu vile itafunuliwa. Alivuta ya kasini, leso ikashika kipuli cha sikio, kasini akalia, nywele yake ikaenda upande. Yake ni ya kusukwa, ikarudi. Mimi nikaangalia na nikajua mwisho wangu. Fundi wa pampu hajui kufunua kitu polepole. Ataivuta leso vile anavuta kamba ya jenereta, na wigi itafuata, pini kumi na mbili zote, ianguke kwa nyasi mbele ya wazee, na kuku za baba yangu ziko hapo nje.

Wenzangu wakianza kutoka, nikashika mlango, nikaingiza mikono chini ya leso, nikatoa pini moja moja, zingine nikazitupa tu. Nikatoa wigi, nikaificha kwa karai ya viazi chini ya kitanda. Nikafunga kile kitambaa kidogo nilikuwa nacho chini ya wigi, nikajifunika tena, nikatoka wa mwisho. Mawazo yangu ilikuwa afadhali waone kitambaa kuliko waone ikianguka. Sikufikiria mbali kupita hapo.

Chini ya leso dunia ni miguu tu. Niliona nyasi, niliona viatu. Zake nilizijua, nyeusi, amezipaka rangi lakini kando kuna grisi ya Nanyuki haitoki. Zilianzia huko mwisho. Wanawake wetu wakimchokoza.

"Chunga usichukue mama yake."

"Huyo ni mrefu sana, huyo ni mlingoti."

"Ulizaa naye aje bila kumjua?"

Viatu vikafika kwangu. Vikasimama. Nilikuwa nasikia akipumua, nilikuwa nasikia sabuni yetu. Nikasema kwa roho, ni mimi. Nikakunja kidole ya mguu. Viatu vikaenda.

Vikarudi. Vikasimama tena kidogo sana, halafu vikapita, vikasimama kwa kasini. Nikasikia leso ikivutwa, halafu boma yote ikapasuka na kicheko, na kasini akasema, "Shemeji, karibu."

Mbuzi moja, wakaimba. Mbuzi moja ya macho mabaya. Wazee wa Sagana wakakubali faini, wakicheka pia. Mimi peke yangu sikucheka, na mimi ndiye hucheka. Nilielewa mara moja. Alikuwa anatafuta mahali leso imejaa juu. Alikuwa anatafuta nywele. Kile kichwa kidogo kimesimama hapo hakukijua, amelala kando yake mwaka mmoja na nusu na alikipita mara mbili.

Mnaweza kuniambia ni mchezo. Najua ni mchezo. Nilikuwa naujua hata nikiwa pale, na machozi ikishuka mpaka kwa kidevu bila njia ya kupanguza.

Tata akatangaza achague tena. Viatu vikaanza kutoka mwanzo, polepole sasa, vinaogopa. Na huko upande wa wageni mtoto akalia. Si kulia ya kelele, ile ya njaa, ile huanza na kukohoa. Yeyote amenyonyesha anajua kenye kilifuata, mwili haingoji ruhusa. Maziwa ikashuka. Nikasikia leso inalowa hapa mbele, joto, upande mmoja halafu mwingine, na siwezi kushika kwa sababu mikono ikisonga nitajulikana.

Nikaona viatu vingine. Vya plastiki, vya mama, na soksi. Vilikuwa vinakuja kwangu moja kwa moja, na sauti ya mtoto ikija navyo.

"Mama, ngoja," tata akasema. "Ni kijana ndiye anachagua."

"Kijana achague," mama mkwe akasema. "Mimi sichagui. Mimi niko na njaa."

"Mama, kuna utaratibu."

"Basi wewe uninyonyeshe."

Watu wakacheka. Mama mkwe hakufunua leso. Aliinua upindo, akainama, akaingia ndani na mimi. Yeye, na mtoto, na mimi, chini ya leso moja. Mwangaza ya huko ilikuwa nyekundu. Mtoto akanisikia, akaweka kichwa kwa kifua, akanyamaza. Kitambaa changu kilikuwa kimeteleza nyuma kitambo. Mama mkwe alikuwa na uso wake karibu na wangu hivi, na aliangalia kila kitu, kutoka sikio mpaka sikio.

"Kwa hivyo ndiyo hii ilikuwa inavaa boshori," akanong'ona.

"Mama, mimi si mgonjwa. Nilipimwa."

"Nani amesema uko mgonjwa?"

Nikashikilia mtoto vizuri kwa titi.

"Mimi nilinyolewa," akasema. "Mama mkwe wangu alininyoa na wembe nikiwa nimezaa juzi, bado sijasimama vizuri. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Kwa hivyo yangu sikuwahi kuiona ikianguka, sikupewa nafasi." Akanipanguza shavu na kidole gumba, kwa nguvu, vile anapanguza mtoto. "Na wewe ndiye unauza kuku. Umewahi kuona kuku imetoka kulalia mayai ikiwa maridadi?"

Huko nje mtu akaita, "Nyinyi huko ndani, mnapika?"

"Tunakula," mama mkwe akajibu. Halafu akaniuliza polepole, "Sasa utatoka aje?"

Nikamwambia sijui. Hiyo ndiyo ilikuwa jibu ya ukweli zaidi nimewahi kumpatia. Nikamwambia kijana wake amenipita mara mbili.

Akafikiria. Halafu akainua mikono, akafungua kitambaa chake mwenyewe, kile cha kahawia alikuwa anavaa kila siku, sijawahi kumwona bila. Akanifunga. Alikaza nyuma, akashusha mbele mpaka juu ya nyusi, akaficha masikio. Kilikuwa na moto ya kichwa yake na harufu ya moshi na mafuta ya mgando. Nywele yake ilikuwa fupi, nyeupe, na hapa juu ya utosi ilikuwa imekwisha, ngozi inang'aa. Mama wa umri wake, kwa boma ya wakwe, na kichwa wazi. Nilimshika mkono nikamwambia hapana. Akasema, "Nyamaza, ninanyonya."

Akatoka wa kwanza. Nikasikia kelele ikipungua, ikawa kimya ya watu hawajui kama wacheke. Halafu akashika leso yangu akaishusha, polepole, mpaka mabegani.

"Huyu ndiye wetu," akasema. "Nimemjua kwa maziwa."

Kicheko ikarudi na ikawa kubwa kuliko ya kwanza. Baba ya mtoto alikuwa amesimama hatua tano, mikono inaning'inia. Aliniangalia, akaangalia mama yake, akaangalia kitambaa.

Tulipata kuongea jioni kidogo, wageni wakila, nyuma ya jikoni mahali kuni imepangwa.

"Nilikuwa natafuta nywele," akasema.

"Najua."

"Ilienda wapi?"

Nikafungua kitambaa. Sikuongea mzaha yoyote, na nilikuwa nayo mbili tayari. Aliangalia. Aliangalia kwa muda mrefu kupita vile ningependa, na uso yake haikuwa ya mtu kwa sinema. Ilikuwa ya mtu amepata shida kwa pampu mahali hakutegemea.

"Inauma?"

"Hapana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia nini?"

Akafikiria. "Ningekuambia sijui," akasema. Halafu akachukua kitambaa akajaribu kunifunga tena, akafunga vibaya, kikanifunika jicho moja, na tukarudi kwa watu hivyo.

Singependa kuwadanganya ati baada ya hapo niliacha kuogopa. Ilianguka miezi mingine mitatu. Yeye aliacha kuuliza kuhusu boshori, na mimi kuna usiku nilikuwa naiacha na kuna usiku nilikuwa nairudisha, na sikujua ni nini inafanya tofauti. Mtoto akianza kusimama ndiyo nikaguza juu ya sikio nikapata kitu inadunga. Vinywele vidogo, vimesimama wima, havisikii maji wala mafuta. Nilikuwa kama jogoo ameona wigi.

Picha ya siku hiyo iko kwa ukuta ya mama mkwe, Sagana. Mimi niko na kitambaa cha kahawia mpaka nyusi, na kando yangu yuko yeye, kichwa wazi, amejibeba mkononi. Watu wakija wanaisimamia wakiangalia. Nimekaa hapo mara nyingi nikingoja waniulize ya kichwa yangu. Bado hawajaniuliza. Wanauliza, "Mama, kitambaa yako ulifanyia nini?" Na yeye anawaambia alisikia joto.

Sasa niko na mimba ya pili, miezi sita. Nywele imejaa tena, nzito, inang'aa, soko wameanza kuniita ile jina yao ya zamani. Kila mtu anasifu. Mimi najua zinafanya nini huko juu, zinangojana. Juzi mama mkwe alinipigia simu, akauliza kuku, akauliza baridi, akaongea na yeye mwenyewe kidogo, mwenye siku hizi anajibu. Nikadhani amemaliza.

"Kile kitambaa changu bado unacho?" akaniuliza.

Nikamwambia ninacho, nikifue nikitume?

"Usitume," akasema. "Weka mahali utakiona."